Nyumba Iliyosubiri Pumzi Moja

Nani aliamua kwamba ukimya ni jibu? Swali hilo ndilo lililokuwa likimzunguka Chausiku kichwani asubuhi ile alipogundua kwamba majina yamemwishia. Si majina yote ya duniani, la. Ni yale mepesi tu, ambayo ulimi wake ungeweza kuyatoa bila kukwama. Maana Chausiku alikuwa na kigugumizi, na katika maneno yote yaliyomsumbua, hakuna lililomkaba koo kama jina lake mwenyewe. Waliompa jina hilo hawana lawama. Mtu hawezi kumtazama mtoto mchanga aliyelala kwenye khanga akakisia ni sauti ipi itakayokuja kumtesa ukubwani.

Mahali alipokuwa akisoma paliitwa Nyumba. Huenda palikuwa na jina refu zaidi hapo zamani, lenye heshima na nembo, lakini limesahaulika. Ndani ya Nyumba walifundishwa kompyuta: namna ya kuzipa amri, namna ya kuzikosoa, namna ya kukaa nazo mpaka zikubali. Kumbi zilikuwa nyingi, na ukitoka ukumbi mmoja kuingia wa pili ungeweza kujikuta umerudi ule ule, ila jana. Wanafunzi walishazoea. Mtu alikwenda kunywa chai, akarudi na mvi, akavuta kiti na kuendelea na zoezi alipoliacha. Saa kubwa ya ukutani nayo ilikuwa na maringo yake: ilisogea pale tu mwanafunzi alipouliza swali mbele ya darasa zima. Na kwa kuwa ndani ya Nyumba kuuliza swali kulionekana sawa na kuvua nguo mbele za watu, saa ilikuwa imesimama tangu enzi zisizokumbukwa, na wote, wenye mvi na wasio nazo, walikuwa bado mwaka wa kwanza.

Usidhani walimu hawakutoa nafasi ya maswali. Walitoa. Dakta Mbwera, mkuu wa Nyumba, mtu mrefu aliyetembea huku ameinama kidogo mbele kana kwamba anachelewa mazishi, alimaliza kila somo kwa kusema, "Kuna swali?" Kisha akavuta pumzi moja, akaitoa. "Hakuna. Tuendelee." Na wakaendelea.

Pumzi moja. Wewe na mimi tutasema inatosha. Lakini ndani ya pumzi ile Chausiku alikuwa ameshafungua mdomo, ameshakaza shingo, swali limefika nyuma ya meno, limegonga, limerudi, limegonga tena. Alipokuja kulitoa, ubao ulikuwa umeshafutwa.

Nipo, alisema Chausiku moyoni. Nimekaa hapa, safu ya nyuma. Swali ninalo. Si zuri sana, ila ni langu. Ngoja. Ngoja kidogo, linakuja. Kichwani nasema vizuri, laiti ungenisikia. Kichwani mimi ni mto. Ngoja. Basi.

Jambo la kuogopesha zaidi lilikuwa Mlango. Muhula ulikwisha siku Mlango ulipotaka wenyewe, na siku hiyo kila mwanafunzi alisimama mbele yake peke yake. Mlango uliuliza, "Nani yupo?" Ulisubiri pumzi moja. Ukitaja jina, ulipita kwenda muhula mwingine. Usipotaja, Mlango ulisema, kwa sauti isiyo na chuki wala huruma, "Hakuna mtu." Na kweli hapakuwa na mtu. Hukufukuzwa wala hukufeli. Hukuwahi kuwepo. Nyumbani kwenu mama angepakua chakula bila kukuwekea sahani, na asingejua ni kitu gani kilichomfanya asimame jikoni akiwa ameshika mwiko, akitazama ukuta.

Chausiku alikuwa amepita Mlango mara kadhaa kwa hila. Majina yaliyoanza kwa sauti laini hayakumkaba, kwa hiyo muhula mmoja alijiita Asha, mwingine Amina, mwingine Umi. Mlango uliyakubali, lakini haukukubali jina la kuazima mara mbili, na kila jina lilikuja na mizigo yake. Alipokuwa Amina aliota ndoto za Amina, akamlilia bibi yake Amina ambaye hakuwahi kumwona. Alipokuwa Umi alichukia bamia bila sababu. Muhula huu alikuwa Aziza, na Aziza alikuwa na rafiki wa utotoni aliyezama mtoni, na Chausiku alibeba msiba huo kila siku darasani, msiba wa mtu mwingine, huku akijaribu kuelewa mafunzo ya kompyuta.

Sasa majina mepesi yamekwisha. Na dalili zilikuwa zimeanza. Mama wa mgahawani alimwaga chai katika vikombe vya wenzake, akaruka cha kwake, akaenda zake akiimba. Mwanafunzi mmoja aliweka mkoba wake juu ya mapaja ya Chausiku, akauacha hapo somo zima. Usimcheke. Mtu anaweza kuvumilia kuchukiwa, lakini kugeuzwa meza kunachosha.

Ndipo akaja Mwalimu Salha.

Alikuwa mwalimu mgeni, mwanamke mnene mwenye miwani, na alifika akitokea ukumbi wa kesho akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu huko mvua ilikuwa inanyesha. Alikaa juu ya meza ya Dakta Mbwera, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulifanya, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja.

"Jamani, hamjambo? Mimi sikio la kushoto ni pambo tu, halisikii. La kulia linasikia likipenda. Kwa hiyo humu hatusemi wawili kwa pamoja, na hakuna kumkatiza mtu. Si adabu hiyo, ni shida zangu tu. Mkikatizana mimi sipati kitu."

Darasa likacheka kidogo, kwa woga.

"Na kuanzia leo," akaendelea, "kila kompyuta wawili. Mmoja Mikono, mmoja Mdomo. Mikono anaandika, lakini haandiki ila alichosema Mdomo. Si alichodhani atasema. Si alichotaka aseme. Alichosema. Neno halijaisha, vidole vinakaa juu hewani. Tumeelewana?"

Akampanga Chausiku na kijana mmoja aitwaye Nasibu. Hapo Chausiku akaona mambo yake yameharibika kabisa, maana Nasibu alimfahamu. Ndiye pekee aliyekuwa bado akimwona vizuri, na kwa hilo alimshukuru, lakini Nasibu alikuwa na ugonjwa wa kumalizia watu maneno. Chausiku akisema "Ki—", Nasibu alikuwa ameshamletea kiti, kibodi na kitambaa, na mwenyewe alitaka kusema "kichwa kinauma". Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka mwenye moyo mzuri, akidhani anamsaidia mwenzake kuvuka barabara, kumbe mwenzake hakuwa anavuka. Kwa hiyo baada ya muda Chausiku alikuwa na maoni mengi yanayojulikana darasani, na karibu yote yalikuwa ya Nasibu.

"Nani Mdomo?" aliuliza Mwalimu Salha alipofika kwao.

"Mimi, Mwalimu," alisema Nasibu. "Huyu dada yetu kuongea kwake kidogo ni—"

"Sikukuuliza kuongea kwake. Wewe Mikono."

Zoezi lenyewe lilikuwa lile ambalo Nyumba ililitoa kwa kila mwanafunzi tangu mwanzo: kunakili programu ya Mlango. Hakuna aliyeisoma. Wakubwa waliwapa wadogo, wadogo wakainakili na kuibandika, ikafanya kazi, wakapata alama. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja ambao juu yake mtu fulani, zamani, aliandika maneno mawili ya onyo: usiguse huu. Na watu wa kompyuta, ambao husifiwa kwa kutaka kujua kila kitu, wana heshima ya ajabu kwa onyo la namna hiyo. Kitu kikifanya kazi, na hujui kwa nini kinafanya kazi, unapita mbali nacho. Vizazi na vizazi vilinakili mstari ule pamoja na onyo lake bila kuugusa wala kuusoma.

Lakini Mdomo hawezi kunakili. Mdomo lazima aseme.

Basi Chausiku akaanza kuisoma programu mstari kwa mstari, na Nasibu akaandika. Ilikuwa kazi ya mateso kwa wote wawili. Nasibu aliona neno linakotokea na linakokwenda, vidole vikamwasha, akaviinua hewani, akavirudisha, akavikalia. Kuna mahali aliuma kola ya shati lake. Chausiku naye, ambaye alikuwa amezoea kukimbia maneno magumu na kuchukua ya jirani, hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu programu inataka neno lile lile na si ndugu yake. Alikwama, akapumua, akapita. Alikwama, akapita. Na hakuna aliyekuja kumchukulia neno mdomoni. Hilo lilikuwa jipya kabisa maishani mwake, na lilimtisha kabla ya kumfurahisha.

Wakafika kwenye mstari wa onyo. "Subiri pumzi moja," alisema Chausiku, na hayo yalitoka salama. "Kama hakuna jibu... Ch—"

Hapo akakwama kweli kweli. Ilikuwa sauti ile ile inayofungua jina lake. Ilikaa kooni kama donge la ugali. Alifumba macho. Nasibu aliinua vidole, akangoja. Kompyuta nayo ilikuwa inamngoja Nasibu aandike, ikangoja pumzi moja, na kwa kuwa programu ya Mlango ilikuwa tayari nusu imeingia ndani yake, ikafanya ilichofundishwa. Kwenye skrini yakatokea maneno: Hakuna mtu.

Nasibu akatazama mikono yake, asiione.

Alitazama mapaja, akaona kiti. Akafungua mdomo kuita, na hewa haikutikisika. Mwanafunzi aliyepita akaweka kikombe cha chai pale ambapo palikuwa na goti lake. Nasibu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuingia mahali asipokewe, ambaye kila swali lilimkuta akiwa na jibu mkononi, alikuwa amekaa ndani ya pumzi isiyomtosha, na humo alimkuta Chausiku, amekaa miaka yote, akiwa ameshikilia neno lake kwa mikono miwili. Wakatazamana. Na kwa mara ya kwanza Nasibu hakujua neno litakuwa gani, wala hakutaka kulijua kabla ya mwenyewe.

"—chukulia," alisema Chausiku, "hakuna mtu."

Mikono ya Nasibu ikarudi. Hakuandika. "Dada," alisema, "umesoma nini hapo?"

"Kama hakuna jibu, chukulia hakuna mtu."

"Yaani hiyo ndiyo imeandikwa? Siku zote? Mimi nimeinakili hii mara ngapi! Nimeinakilia hata wenzangu!" Akajipiga kofi la paja. "Nilikuwa hapa hapa, Chausiku. Nilikuwa hapa nikasikia naambiwa sipo. Unaishije humo, mwenzangu?"

Alikuwa amesema jina lake. Si Aziza. Chausiku hakukumbuka kuwahi kumwambia. Huenda watu hujuana majina wakiwa mahali kama pale walipokuwa.

Ndipo Chausiku akasimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa polepole, kwa sababu Aziza, Umi, Amina na Asha walisimama pamoja naye, kila mmoja na bibi yake na bamia zake. "K-k-kwa nini," aliuliza mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi, uliokwisha kuzoeshwa na Mwalimu Salha, ukamngoja, "kwa nini pumzi moja?"

Ukutani, kitu kikagonga tiki. Wengi hawakujua ni nini. Wachache waliojua wakaanza kulia.

Kama hadithi zingekuwa za haki, ingeishia hapo. Lakini saa ikisogea na siku nazo husogea, na Mlango, kwa kusikia saa, ukataka muhula uishe. Ukaita. Wanafunzi wakajipanga, na wa kwanza kuitwa alikuwa yule aliyeuliza. Chausiku akasimama mbele ya mbao zile akiwa na jina moja tu lililobaki, lake, lile lisilotoka ndani ya pumzi moja.

Mwalimu Salha alimgeukia Dakta Mbwera, ambaye peke yake alikuwa na ruhusa ya kubadili programu ya Mlango. "Mstari ule, Dakta. Uondoe."

"Nilikuta hivyo," alisema Dakta Mbwera.

"Sikuuliza ulikutaje."

"Mwalimu, nikiuondoa Mlango utangoja milele. Atakayekuwa hayupo kweli tutamngoja mpaka lini? Lazima pawe na kikomo. Hiyo ni kompyuta, si msikiti wala kanisa."

Na hapa tumtendee haki, maana hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Nasibu ndiye aliyejibu, na alijibu taratibu, akikagua kila neno. "Dakta, si lazima ungoje milele. Uulize tena. Ukiuliza kwa sauti asijibu, andika. Ukiandika asijibu, washa taa, gusa bega. Kabla hujasema hayupo, hakikisha kwamba si wewe uliyeuliza vibaya."

Dakta Mbwera akakaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza wanafunzi kumwona akiwa kimya bila kuwa anaondoka. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kijana, ukawa wa mtoto, ukarudi. "Naogopa ukimya," alisema mwishowe. "Tangu nilipoanza kufundisha. Nikiuliza kama kuna swali, nikanyamaza, moyo unanienda mbio. Naona mtu ataniuliza kitu nisichokijua. Pumzi moja ndiyo niliyoweza." Akafuta jasho. "Samahani, mwanangu. Nilikuwa najificha, nikakuficha wewe."

Akaenda kwenye kibodi. Hakuandika mwenyewe. Alimtazama Chausiku, akaviinua vidole vyake virefu hewani, akangoja.

Chausiku akawa Mdomo. Neno kwa neno, kwa kukwama na kupita, alisema mstari mpya: uliza, subiri, kama hakuna jibu, uliza kwa njia nyingine. Mkuu wa Nyumba aliandika kila silabi ilipokuja, wala hakuna iliyoandikwa mbele ya mwenyewe.

"Nani yupo?" uliuliza Mlango.

"Ch—"

Pumzi ikapita. Mlango haukusema kitu. Pumzi nyingine ikapita. Kwa mazoea ya miaka Chausiku alijiona anaanza kufifia vidoleni. Akamsikia Nasibu nyuma yake akihema, tena akihema, na asiseme. Alijua jinsi kutosema kule kulivyomgharimu. Mlango ukauliza tena, chini chini, kwa mwanga mdogo uliowaka pembeni, kama mtu anayechungulia chumbani kuona kama umeamka.

"Chausiku," alisema. "Mimi ni Chausiku."

Mlango ukafunguka. Asha, Amina, Umi na Aziza wakamshuka mabegani mmoja mmoja, wakaaga, wakaenda kwao walikokuwa wakisubiriwa. Alijisikia mwepesi na mpweke kidogo. Aliinua mguu avuke.

Lakini Mlango ulikuwa haujamaliza. Ulikuwa umefundishwa kuuliza kwa njia nyingine, na sasa uliuliza ukumbi mzima: kwa sauti, kwa maandishi, kwa taa, kwa mtikisiko wa sakafu chini ya nyayo. Nani yupo? Na kutoka kwenye madawati yaliyodhaniwa matupu, majibu yakaanza kuja. Mwanamke mmoja alimhamishia upande wa pili mtoto aliyekuwa akinyonya, akasema jina lake. Mwanamume wa makamo aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu chini ya ngazi, ngazi ambazo hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kwake ni ukuta, akainua mkono. Msichana asiyesikia akalitaja jina lake kwa vidole, na taa ya Mlango ikalirudia. Kijana asiyeona, aliyekuwa akisoma skrini ambazo hazikuwahi kumsomea kitu, akacheka kwa sauti. Wakaendelea kujibu mpaka ukumbi ukajaa, watu wakasogezeana nafasi, mikoba ikatolewa kwenye mapaja ya wenyewe. Hawakuja. Walikuwepo.

Dawati la Chausiku lenyewe lilikuwa la watu watatu. Yule mwanamke mwenye mtoto ndiye aliyekuwa amekaa kushoto kwake miaka yote.

"Tulikuwa tunakusikia, mwanangu," alimwambia. "Kila siku ukianza kusema, safu yote hii ya nyuma tunanyamaza tukusikilize. Swali lako hatukuwahi kulipata lote, maana yule bwana alikuwa anapita. Lakini tulikuwa tunangoja. Huyu mtoto amejifunza kunyamaza kwa ajili yako."

Chausiku akawatazama. Miaka yote ile aliyodhani anazungumza na ubao uliofutwa. Akamtazama Nasibu, kola yake imetafunwa, na Mwalimu Salha aliyegeuza sikio lake la kulia ili asikose kitu, na Dakta Mbwera aliyesimama hajui mikono aiweke wapi. Moyo ulimjaa shukrani mpaka ukamuuma. Alitaka kuwaambia asante. Lilikuwa neno jepesi, la sauti laini mwanzoni, ambalo halikuwahi kumkwamisha hata siku moja. Alikuwa amelitoa kwa watu wote, kwa waliompa kiti na kwa waliomnyang'anya.

Leo lilikataa. Si koo lililolizuia. Alifungua mdomo, akaufunga, machozi yakamshuka, akaufungua tena.

Hakuna aliyemmalizia. Dakta Mbwera akavuta kiti, akakaa chini.